Ulishapasuliwa Tumbo? Soma Hii Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mama anayeuza nguo soko la Chepkube, Bungoma, watoto wake watatu wote wamezaliwa kwa upasuaji. Mkulima wa Kiminini alifunguliwa tumbo akiwa kidato cha pili, homa ya matumbo ilipotoboa utumbo wake. Mwalimu wa Kimilili alitolewa mfuko wa nyongo. Watu kama hawa, uzani ukishawaumiza magoti na kuwapandishia sukari, huanza kuulizia upasuaji wa kupunguza uzito, kisha hujitazama tumbo na kukata tamaa: daktari akiona kovu hili, si atanirudisha nyumbani?

Mara nyingi hatakurudisha. Kovu la zamani huwazuia wachache sana kupata upasuaji huu. Kwa wengine hubadilisha maandalizi, aina ya upasuaji, au muda utakaolala thieta. Daktari atataka kujua mambo matatu: ulifanyiwa nini ndani, upande gani wa tumbo, na una karatasi gani za kuonyesha. Mawili ya kwanza yalishapita. La tatu bado liko mikononi mwako, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Upasuaji tunaouzungumzia

Kuna njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kupunguza mfuko wa chakula: daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko huo, ukabaki mwembamba mithili ya ndizi. Utumbo hauguswi. Ya pili ni kuchepusha chakula: daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu, kisha huunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na kifuko hicho. Njia zote mbili hufanywa kwa matundu madogo manne hadi sita, kila moja likiwa na upana wa kati ya milimita 5 na 12. Tumbo hujazwa gesi, kamera ikaingizwa, na kazi ikafanyika kwa kutazama kwenye skrini.

Usichanganye jambo hili na kufyonzwa mafuta chini ya ngozi. Hayo ni mambo ya umbo; hayatibu kisukari wala presha. Mwaka 2024 Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, lilifunga kliniki moja jijini Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia huduma ya aina hiyo. Ukiahidiwa kwenye simu kwamba utafyonzwa mafuta asubuhi na jioni uko kwenye matatu ya kurudi Kitale, jua hapo hakuna matibabu ya unene.

Nani anafaa? Gawanya uzani wako kwa kilo na kimo chako kwa mita, kisha gawanya tena kwa kimo. Mtu wa kilo 100 na kimo cha mita 1.60 anapata 39. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaruhusu upasuaji kuanzia 35, hata kama huna ugonjwa mwingine, na kuufikiria kuanzia 30 ikiwa una kisukari au ugonjwa mwingine unaotokana na uzani.

Kovu la nje na mishikamano ya ndani

Utumbo wenye afya huteleza tumboni kama mrenda mdomoni. Tumbo likifunguliwa, likaguswa kwa mikono, likaingiwa na damu au usaha, mwili hujiponya kwa kutengeneza nyuzi. Nyuzi hizo zinaweza kuushika utumbo kwenye ukuta wa tumbo, au kushikanisha ini na mfuko wa chakula. Wengi waliowahi kufunguliwa tumbo wanayo mishikamano ya aina fulani, na wengi wao hawaisikii kamwe.

Mishikamano humsumbua mpasuaji kwa njia mbili. Kwanza, anapoingiza chuma cha kwanza cha kufungua matundu anaweza kutoboa utumbo ulioshikana na ukuta chini ya kovu. Pili, inambidi atumie muda kuachanisha viungo kabla ya kufika anakokwenda. Muda ukirefuka, dawa ya usingizi inaongezeka na hatari ya damu kuganda miguuni inapanda.

Hakuna dawa ya miti shamba wala kukandwa tumbo kunakoyeyusha mishikamano. Ukiuziwa chupa ya “kusafisha makovu ya ndani”, weka pesa yako mfukoni: utaihitaji kwa nauli ya kliniki.

Soma kovu lako

Kumbuka kwamba mfuko wa chakula uko juu ya kitovu, ukielekea kushoto chini ya mbavu. Kovu lililo mbali na hapo kwa kawaida halina shida kubwa.

*Kovu la kujifungua, lililolala juu ya kinena.* Hili ndilo linaloulizwa zaidi, hasa tangu kujifungua kulipofanywa bure katika hospitali za umma mwaka 2013 na wanawake wengi zaidi wakaanza kujifungulia hospitalini. Mishikamano yake hukaa chini, karibu na kizazi na kibofu cha mkojo. Kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, mara nyingi daktari hata haioni. Ni vivyo hivyo kwa waliofungwa mirija ya uzazi.

*Kovu la kutolewa uvimbe wa kizazi, kutolewa kizazi, au mimba iliyotunga nje.* Hapa pia kazi ilifanyika chini, ila utumbo mwembamba unaweza kuwa umeshikana huko. Kama unataka njia ya kuchepusha chakula, inayohitaji utumbo kuvutwa hadi juu, lisemwe mapema. Daktari anaweza kukushauri uchague ile nyingine.

*Kovu la kidole tumbo, chini kulia.* Kama kilitolewa kabla ya kupasuka, ni jambo dogo. Kama kilipasuka na usaha ukaenea, lihesabu pamoja na makovu marefu.

*Kovu la nyongo, chini ya mbavu za kulia.* Ini linaweza kuwa limeshikana na ukuta au na mfuko wa chakula. Linapitika, lakini lazima lijulikane.

*Kovu refu la katikati, kupita kitovu.* Hili ni la waliotobokwa utumbo kwa homa ya matumbo, waliojifunga utumbo, waliochomwa kisu au kugongwa na pikipiki. Hapo utumbo huwa umeshikana nyuma ya kovu lenyewe. Upasuaji bado unawezekana, kwa mpasuaji aliyezoea matumbo ya namna hiyo.

*Kidonda cha tumbo kilichotoboka kikazibwa, wengu lililotolewa, upasuaji wowote wa zamani kwenye mfuko wa chakula.* Hapa daktari anarudi mahali palepale palipowahi kushonwa. Hili ndilo kundi zito kuliko yote, na pengine mpango mzima utabadilika.

*Kivimbe cha maji kwenye ini kitokanacho na minyoo ya mbwa.* Ugonjwa huu umewasumbua sana watu wa Turkana, na wako waliotibiwa ambao leo wanaishi Kitale. Kama ulipasuliwa kwa sababu hiyo, taja hata kama ulikuwa mtoto.

*Ngiri iliyowekewa wavu.* Wavu ukiwa tumboni unaweza kushikana na utumbo, na kuutoboa kunaweza kuleta maambukizi. Daktari anahitaji kujua umewekwa wapi na una ukubwa gani.

Kisha jipime mwenyewe kwa jambo moja: simama, weka kiganja juu ya kovu, kohoa. Ukisikia kitu kinasukuma kutoka ndani, huenda ni ngiri ya kovu. Watu wenye uzani mkubwa huipata mara nyingi bila kujua, kwa kuwa mafuta huificha. Mwambie daktari ili aamue kama itashonwa siku hiyo hiyo au itangoja mpaka upungue. Uamuzi huu si mdogo: mafuta ya ndani yaliyoziba tundu la ngiri yakivutwa na tundu likaachwa wazi, utumbo unaweza kuingia na kunaswa.

Keloidi, chale, na ngozi chini ya mkunjo

Wengi huogopa kovu lililoinuka. Kovu nene lisilovuka mipaka ya mkato wake ni tofauti na keloidi, ambayo huota na kutambaa kwenye ngozi nzima isiyoguswa na kisu. Zote mbili ni mambo ya ngozi. Keloidi kubwa juu ya tumbo haina maana kwamba ndani kumeshikana, na kovu laini lisiloonekana halithibitishi kwamba ndani ni safi.

Hata hivyo, kama una keloidi sikioni, kifuani au kwenye kovu la zamani, sema. Daktari atakwepa kupitisha tundu penye keloidi, na anaweza kukupangia sindano za steroidi au bandiko la silikoni mara vidonda vipya vinapofunga.

Kama utotoni ulichanjwa chale tumboni kwa ajili ya wengu au uvimbe, hizo ni alama za ngozi tu. Zitaje zisije zikadhaniwa makovu ya hospitali. Lakini ujiulize pia kwa nini ulichanjwa. Madaktari wengi, wakitaka kukwepa kovu la katikati, huingiza chuma cha kwanza chini ya mbavu za kushoto. Mahali hapo hapafai kama wengu limevimba, na Bungoma ni ukanda wa malaria, tena wenye wagonjwa wa selimundu. Kama uliwahi kuambiwa una wengu kubwa, daktari alisikie hilo kabla hajashika kisu.

Inua pia mkunjo wa tumbo utazame kovu la kujifungua lililojificha. Pakiwa na uwekundu, unyevu au harufu, tibu fangasi kwanza. Hakuna mpasuaji atakayefurahia kukata karibu na ngozi yenye maambukizi.

Tafuta karatasi zako

Kazi hii inaweza kuchukua wiki, kwa hiyo ianze leo. Unachotafuta ni vitu viwili: karatasi uliyopewa uliporuhusiwa kutoka, na maelezo ya thieta, yaani ukurasa ambao mpasuaji aliandika alichokuta na alichofanya. Huo wa pili ndio wenye thamani. “Utumbo umeshikana, umeachanishwa kwa shida” ni sentensi moja inayoweza kubadilisha mpango wote.

Nenda ofisi ya rekodi ya hospitali ulikopasuliwa, iwe ni hospitali ya umma ya Kitale, ya Bungoma, ya Webuye au ya misheni. Beba kitambulisho, mwaka, jina ulilotumia wakati huo (wanawake wengi waliandikishwa kwa jina la baba kabla ya ndoa), na kadi ya kliniki ya mtoto ikiwa ulijifungua. Sema hivi kwa upole: “Shikamoo. Nilipasuliwa hapa mwaka 2009, nimeombwa na daktari nilete maelezo ya thieta. Naomba nisaidiwe kutafuta faili, hata nakala.” Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako mwenyewe, ingawa salamu nzuri hufungua kabati haraka kuliko sheria.

Kama faili limeliwa na panya au mvua, andika unachokumbuka, na umwulize mama, mume au dada aliyekulinda wodini:

- Upasuaji ulikuwa wa dharura au wa kupangwa?
- Ulilala hospitali siku ngapi? Wiki tatu husimulia jambo ambalo siku tatu hazisimulii.
- Uliachiwa mpira wa kutoa maji au usaha? Kidonda kilifunguka?
- Ulirudishwa thieta mara ya pili?
- Uliwahi kutokea haja kubwa kwenye mfuko uliobandikwa tumboni?
- Tangu wakati huo, umepata vipindi vya tumbo kujaa, kutapika na kukosa choo?

Taja pia mwaka wa upasuaji wa mwisho. Katika miezi 3 ya mwanzo mishikamano huwa mipya na yenye mishipa mingi ya damu. Kama ulipasuliwa juzi, kungoja ni sehemu ya matibabu.

Ukifika kwa daktari

Anza karibu na nyumbani. Daktari wa upasuaji wa hospitali ya kaunti anaweza kukupima, kutafuta ngiri na kukuandikia barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, au Nairobi, ambako ndiko hasa kuna vituo vinavyofanya upasuaji huu mara kwa mara. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha jina la daktari na la kituo yako kwenye orodha ya wenye leseni ya KMPDC.

Usiingie na kusema “nina kovu”. Sema: “Daktari, mwaka 2009 nilifunguliwa tumbo kwa dharura, utumbo ulikuwa umetoboka, nikakaa wodini wiki tatu. Maelezo ya thieta haya hapa. Sina wavu. Nikikohoa, kovu halivimbi.” Umeokoa nusu saa, naye amejua anazungumza na mtu aliyejiandaa.

Tarajia vipimo. Altrasaundi inaweza kuonyesha kama utumbo unateleza chini ya kovu unapovuta pumzi. Picha ya CT huonyesha ngiri na wavu, ila haionyeshi vizuri mishikamano yenyewe. Kwa hiyo picha safi si hati ya ushindi. Kamera ya kupitia kooni hutazama vidonda na kusaidia kupima bakteria wa tumbo, wanaotibiwa kwa dawa kabla ya upasuaji.

Kisha uliza, bila woga:

1. Wagonjwa wangapi wenye kovu kama langu umewafanyia, na ilikuwaje?
2. Utaingizia wapi chuma cha kwanza, na kwa nini hapo?
3. Ukikuta kumeshikana sana, utafanya nini?
4. Je, kuna chumba cha wagonjwa mahututi jengo hilo hilo?
5. Bei uliyonipa inajumuisha saa za ziada za kuachanisha mishikamano?

Swali la tano halina aibu. Katika hospitali binafsi gharama hufika mamia ya maelfu ya shilingi, na kovu linaweza kuziongeza. Kama unatumia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au bima ya kazini, omba idhini kwa maandishi kabla ya tarehe kupangwa. Barua ya daktari itaje ugonjwa, kwa mfano kisukari, presha au kukosa pumzi usingizini, isionekane kama ombi la urembo.

Unachokubali unapotia sahihi

Fomu ya ridhaa kwa mtu mwenye kovu inafaa kuwa na mambo matatu yaliyojadiliwa waziwazi. La kwanza: matundu yakishindikana, je, unakubali kufunguliwa kwa mkato mrefu? La pili: ukitarajia kuchepushwa na utumbo ukakataa kuvutika, je, unakubali kupunguzwa mfuko wa chakula tu? La tatu: daktari akiona hatari ni kubwa kuliko faida, je, unakubali afunge na kutoka bila kufanya lolote? Mpasuaji anayekubali kusimama njiani ni wa kuaminiwa. Mweleze mwenzi wako pia, asije akadhani mmeibiwa.

Wiki mbili hadi nne kabla, utapewa lishe ya kupunguza ukubwa wa ini ili lisizibe njia ya kamera. Ugali, chapati, mandazi, soda na sukari ya chai vitapumzika. Mayai, samaki, kuku bila ngozi, sukuma, saga na kunde vitashika zamu. Kwa mwenye ini lililoshikana kwenye kovu la nyongo, lishe hii ina uzito zaidi. Usiikiuke.

Kalenda ya shamba na safari ya kurudi

Kwa wiki 4 hadi 6 hutainua kitu kizito. Wengi huwekewa mpaka wa kilo 5. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa mkulima wa Trans Nzoia, Machi na Aprili ni kupanda, na kuanzia Oktoba ni kuvuna. Januari na Februari, mahindi yakiwa ghalani, ndiyo nafasi nzuri. Kama ngiri ya kovu imeshonwa, katazo linaweza kuendelea zaidi.

Kutoka Nairobi hadi Kitale au Bungoma ni zaidi ya kilomita 350. Usipande basi siku ya tatu. Panga kukaa kwa ndugu karibu na hospitali angalau wiki moja hadi mbili, kwa sababu kuvuja kwa mshono, au jeraha dogo la utumbo lililotokea wakati wa kuachanisha mishikamano, hujitokeza zaidi siku hizo. Ukisafiri, shuka utembee kila gari linaposimama, na umalize dawa ya kuzuia damu kuganda kama umeandikiwa.

Nenda hospitali usiku huo huo ukiona:

- mapigo ya moyo yamepita 120 kwa dakika ukiwa umetulia
- homa ya 38 au zaidi
- maumivu ya tumbo au bega la kushoto yanayozidi
- kutapika hata maji
- kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba

Beba barua inayoeleza upasuaji uliofanyiwa pamoja na namba ya daktari wako. Daktari wa zamu Kitale au Bungoma asipitishe mpira puani hadi tumboni bila kujua mfuko wako umeshonwa, na usichomwe diklofenaki kwa mazoea. Hata miaka baadaye, aliyechepushwa chakula akipata maumivu makali ya kukaba tumboni asisingizie maharagwe. Utumbo unaweza kuwa umenaswa ndani.

Ukiambiwa hapana

Uliza ni hapana ya aina gani. Kuna hapana ya kovu, hapana ya moyo au mapafu, na hapana ya kituo kisichokuwa na uzoefu. Ya tatu hutibiwa kwa kwenda kituo kingine na karatasi zilezile. Ya kwanza ina njia mbadala: puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula kwa miezi kadhaa kupitia kooni, au mshono unaofanywa kwa kamera kutoka ndani, ambazo hazipiti kwenye kovu hata kidogo. Zipo pia sindano za semaglutaidi, zinazopunguza njaa na kusaidia kisukari, mradi ziandikwe na daktari na zisinunuliwe kwa mtu wa simu. Zina gharama ya kila mwezi, na uzani huelekea kurudi zikiachwa, kwa hiyo piga hesabu ya miaka.

Hapana iandikwe pia. Omba barua yenye sababu, ikae kwenye faili moja na maelezo ya thieta ya mwaka 2009, ili daktari wa pili aanzie pale wa kwanza alipoishia.